Asante baada ya mahojiano ya kazi: baruapepe, WhatsApp, SMS, simu, barua au kimya?

Mahojiano yameisha saa sita mchana, ofisi ilikuwa Milimani, Kisumu, na sasa uko kwenye matatu ya Kondele, simu mkononi. Ushukuru? Ukishukuru, ushukuru vipi? Mawaidha mengi ya mtandaoni kuhusu jambo hili yameandikiwa Marekani, ambako baruapepe ya asante ndani ya saa 24 ni ada iliyozoeleka. Ukiyafuata hivyo hivyo mbele ya bodi ya ajira ya kaunti, unaweza kutiliwa shaka. Ukiyatupa yote, na kazi ni ya shirika lisilo la kiserikali, unajinyima nafasi ya kusema neno la mwisho kabla jopo halijaketi. Njia ziko sita, na kila moja ina mlango wake.

Maswali ya kujiuliza kwanza

Uliitwaje kwenye mahojiano? Hili ndilo swali zito kuliko yote. Aliyekuita kwa baruapepe anashinda kwenye baruapepe. Aliyekupigia simu kutoka dukani pengine hufungua kikasha chake mara moja kwa mwezi, anapotafuta barua ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Asante hupita vizuri kwenye mlango ule ule uliotokea mwaliko.

La pili, uamuzi utatolewa lini? Hoteli au supamaketi inaweza kuhoji watu asubuhi na kumpigia iliyemchagua jioni ile ile, ilhali shirika lenye jopo la watu wanne linaweza kuchukua wiki tatu. La tatu, maneno yako yatakaa wapi yakishasomwa? Baruapepe inaweza kuchapishwa na kuwekwa kwenye faili yako. Simu huisha inapokatwa. La nne, una mzigo wa kubeba, yaani hati uliyoombwa au jibu ulilokosea, au ni asante tupu? La tano, atakayeipokea ataiona kuwa shukrani au kuwa ushawishi?

Kuhusu hilo la tano, jambo moja halina mjadala. Asante isiandamane na chochote chenye thamani: si "ya chai" kwa M-Pesa, si kredo ya simu, si kuku wa Jumapili. Sheria ya Hongo ya 2016 inagusa kampuni za binafsi pamoja na serikali, na ujumbe wa M-Pesa unabeba jina lako, saa na kiasi. Mtu aliyekuwa amekupa alama nzuri atalazimika kukukimbia ili ajiokoe.

Kabla ya njia yoyote: jina

Magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa, herufi moja hubadilisha mtu. Otieno ni mwanamume, Atieno ni mwanamke. Wafula ni mwanamume, Nafula ni mwanamke. Kipkoech na Chepkoech vivyo hivyo. Ukiandika "Bw. Atieno", hata aya iliyofuata iwe tamu namna gani, amekwisha kuona kwamba hukumsikiliza alipojitambulisha. Kisahihishi cha simu nacho hupenda kuyavuruga majina haya bila kukuuliza, kwa hivyo lisome jina herufi kwa herufi kabla ya kutuma.

Dawa ni ndogo. Unapotoka, simama mapokezi na umwombe sekretari akuandikie jina na cheo cha mwenyekiti wa jopo, pamoja na anwani ya baruapepe ya ofisi. Mahojiano yakiwa ya video, majina huwa chini ya kila picha kwenye skrini. Yaandike pale pale, maana mkutano ukifungwa yanapotea. Cheo nacho kina uzito: daktari ni Dkt., mtawa anayesimamia hospitali ya misheni ni Sista, mkuu wa shule ni Mwalimu Mkuu. "Bi." haikosei kwa mwanamke ambaye hujui kama ameolewa.

Baruapepe

*Mlango.* Inafaa pale mwaliko ulipokuja kwa baruapepe, au tangazo la kazi lilipotoa anwani ya kutuma maombi. Jibu kwenye uzi ule ule wa mwaliko ili nambari ya kumbukumbu ya kazi ibaki juu na afisa wa wafanyakazi asihangaike kukutafuta kati ya watu ishirini. Lakini tazama vizuri sehemu ya wapokeaji. Wako maafisa wanaowaalika watahiniwa wote kwa barua moja, anwani zote wazi. Ukibonyeza kitufe cha kujibu wote, washindani wako kumi na mmoja watasoma asante yako na kila ulichosahihisha. Jibu mtumaji peke yake.

*Kasi.* Siku ile ile kabla ya saa kumi na moja jioni, au kesho yake kabla ya saa nne asubuhi. Mahojiano ya Ijumaa yashukuriwe Ijumaa. Ukichelewa, iandike kisha uipange itoke Jumatatu saa mbili asubuhi; Gmail ina sehemu ya kupanga muda wa kutuma, kwenye kompyuta na kwenye simu pia. Ukiwa kwenye kompyuta, ingia kwenye mipangilio urefushe muda wa kuirudisha barua hadi sekunde 30. Mara nyingi kosa la jina huonekana sekunde mbili baada ya kubonyeza.

*Kumbukumbu.* Hapa baruapepe inazishinda nyingine. Inabeba kiambatisho, inaweza kupelekwa kwa jopo zima bila kuandikwa upya, na inakaa. Ndiyo njia bora ya kusahihisha jibu ulilokosea, mradi usahihishe moja tu. Ukisahihisha matatu, umejiandikia ripoti ya kufeli.

Tuchukue nafasi ya mhasibu msaidizi. Humo VAT ni kodi ya ongezeko la thamani, na PAYE ni kodi inayokatwa kwenye mshahara. Kichwa cha barua: *Shukrani: mahojiano ya mhasibu msaidizi, Jumanne 10 Machi*. Kisha:

"Kwa Bi. Atieno,

Nashukuru kwa muda mlionipa jana asubuhi, wewe na wenzako wawili.

Maelezo yenu kuhusu kuhamisha hesabu za matawi ya Kakamega na Busia kutoka vitabu vya mkono hadi mfumo mmoja yalinigusa. Kwa miezi minane nimekuwa nikilinganisha malipo ya M-Pesa na taarifa ya benki kila Ijumaa, na kazi hiyo ningeianza bila kungoja mafunzo.

Naomba kusahihisha jibu moja. Nilipoulizwa siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya VAT, nilitaja tarehe 9. Hiyo ni ya PAYE. Ya VAT ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Barua ya mwajiri wangu wa awali mliyoiomba nimeiambatisha.

Wako mwaminifu,"

kisha majina yako yote mawili na nambari ya simu ile ile iliyo kwenye wasifu wako.

Angalia kilichomo. Jambo moja lililosemwa chumbani na wao, jambo moja unaloweza kufanya, sahihisho moja, hati moja. Yapata maneno mia. Aya ya pili ndiyo roho ya barua, kwa sababu haiwezi kutumwa kwa mwajiri mwingine. "Nilifurahi kukutana nanyi na natarajia kusikia kutoka kwenu" inaweza kutumwa popote, ndiyo maana haikumbukwi popote.

*Panapoharibika.* Anwani yako yenyewe kwanza: jina la utani la kidato cha pili halimtambulishi mhasibu. Wengi walifunguliwa akaunti saiba, yaani kwenye duka la intaneti, na jina linalotokea kwa mpokeaji ni la mtu mwingine kabisa. Jitumie barua moja ulione. Ukitumia kompyuta ya saiba, toka kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Usiambatishe tena wasifu na vyeti vyote, wanavyo. Na kama mwaliko ulitoka kwenye anwani isiyopokea majibu, barua yako itarudi au itapotea. Hapo tumia anwani uliyopewa mapokezi.

Lugha je? Katiba ya 2010 inavitambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, lakini kinachoamua hapa ni lugha ya chumba. Mliongea Kiingereza, shukuru kwa Kiingereza. Mliongea Kiswahili, andika Kiswahili sanifu bila kuona haya. Kuchanganya nusu kwa nusu kwenye barua rasmi ndiko kunakochosha.

Na jopo likiwa la watu watatu? Mwandikie aliyekualika au mwenyekiti, umwombe afikishe shukrani kwa wenzake. Barua tatu zinazofanana neno kwa neno zitalinganishwa wakinywa chai. Ziandike tatu ikiwa tu kila mmoja alikupa anwani yake na una neno tofauti kwa kila mmoja.

*Inamfaa* aliyeomba kazi ya ofisi: mashirika yasiyo ya kiserikali, benki, kampuni za sukari na majani chai, vyuo vya binafsi, na mahojiano yote ya video.

WhatsApp

*Mlango.* Shule ndogo za binafsi, kliniki, hoteli, saluni, maduka ya jumla Nakuru mjini: huko mwaliko mara nyingi huja kwa WhatsApp, pamoja na ramani ya mahali. Kwao asante ya WhatsApp ni jambo la kawaida, na baruapepe ingeonekana kama umekosea njia.

*Kasi.* Ndani ya saa mbili tatu, kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni. Saa nne usiku ni wakati wa watu na nyumba zao.

*Kumbukumbu.* Hubaki kwenye simu ya mtu mmoja. Akihamishwa au akipoteza simu, umepotea naye.

*Panapoharibika.* Ujumbe uwe mmoja, mistari mitatu au minne, salamu ikiwa ndani yake. Ukituma "Habari" peke yake kisha ukangoja ajibu ndipo uendelee, unamdai jibu mtu ambaye hajakukosea. Usitume ujumbe wa sauti. Anayehoji watu siku nzima yumo kwenye chumba chenye wengine. Ukikosea jina, una dakika 15 za kuhariri. Ukiufuta kwa wote, atabaki na alama kwamba kitu kilifutwa, na atajiuliza kilikuwa nini.

Halafu kuna picha yako na hali yako (status). Anapofungua ujumbe, kidole chake kiko karibu sana na picha yako ya wasifu na ulichokiweka kwenye hali asubuhi hiyo. Picha uliyojipiga langoni mwa kampuni yenye maneno "Mungu amefungua njia" itamfikia kabla ya asante. Iondoe.

Alama mbili za buluu zikitokea na jibu lisije, hiyo ni sawa. Amesoma, na asante haidai jibu. Wanaoharibu ni wanaofuatisha "Uliipata?" baada ya saa moja.

*Inamfaa* aliyealikwa kwa WhatsApp, au aliyeambiwa kwa mdomo "tuwasiliane hapa". Nambari uliyopewa na binamu yako anayefanya kazi pale si mwaliko. Hiyo iache.

SMS

SMS haihitaji bando, hufika kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, na husomwa hata pale mtandao unapokuwa wa kusuasua, Nandi Hills au pembezoni mwa Siaya. Mashamba makubwa na viwanda vinavyoita watu wengi kwa siku moja hupenda kuita kwa SMS. Lakini kagua mtumaji: kama ni jina la kampuni badala ya nambari, ujumbe ulitumwa na mfumo, na jibu lako haliendi kwa mtu yeyote.

Kipimo chake ni herufi 160, nafasi na nukta zikiwamo. Ukizidisha, ujumbe hugawanywa vipande vya herufi 153, na simu za zamani huweza kuvionyesha vikiwa vimetengana. Ukiweka emoji moja tu, kipimo hushuka hadi herufi 70. Hata alama ya ng' inaweza kuleta matatizo hayo: ukinakili jina kama Nyong'o kutoka kwenye waraka wa kompyuta, alama iliyopinda huhesabiwa kama emoji. Liandike upya kwa kibodi ya simu.

Nambari yako haijahifadhiwa kwake, kwa hivyo jitaje. Mfano huu haufiki herufi 130:

"Bw. Wafula, asante kwa mahojiano ya leo ya kazi ya stoo. Kuhesabu mali kila Jumamosi jioni nitaweza. Ni mimi Kiptoo, wa saa nne."

Hayo maneno "wa saa nne" ni ya thamani. Mtu aliyehoji watu tisa hakumbuki majina yote, anakumbuka nani alikuja kabla ya chai. SMS haibebi hati wala sahihisho refu, na kumbukumbu yake haifiki kwenye faili. Inamfaa anayeomba kazi ya stoo, ulinzi, udereva, mauzo au usimamizi wa mashambani, hasa uamuzi ukiwa wa siku hiyo hiyo.

Kupiga simu

Ni njia ya joto na ya hatari. Sauti hufikisha adabu kuliko maandishi, na kwa mwenye duka au karakana aliyekuhoji amesimama, ndiyo lugha yake. Tatizo ni kwamba simu baada ya mahojiano husikika kama kuulizia matokeo, hata usipouliza. Ifanye ya dakika moja: jina lako, saa uliyohojiwa, asante, jambo moja uliloahidi, kwaheri. Asipopokea, usirudie, tuma SMS. Usimflashi wala kumtumia ule ujumbe wa "tafadhali nipigie". Simu haiachi kumbukumbu yoyote. Inamfaa aliyeambiwa waziwazi "nipigie kesho".

Barua ya kupeleka kwa mkono

Bado ina nguvu kwenye shule na hospitali za misheni, ambako ofisi huendeshwa kwa faili. Chapisha nakala mbili, ukurasa mmoja, uipeleke mwenyewe ofisini na uombe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Usiipeleke hadi mlangoni kwa Mwalimu Mkuu. Mwachie sekretari uondoke. Kwa kumbukumbu inalingana na baruapepe. Kwa kasi ndiyo ya mwisho, na nauli ya kurudi Mumias kwa ajili ya karatasi moja ni pesa. Ipeleke ikiwa unaishi karibu, au ulikuwa unarudi pale kupeleka hati.

Kimya

Kimya nacho ni njia ya kuchagua. Matangazo ya bodi za utumishi wa umma za kaunti, na ya taasisi nyingi za serikali, hubeba onyo kwamba kushawishi kwa namna yoyote kutamwondoa mwombaji. Huko kila mwanajopo hujaza fomu ya alama wakati wa mahojiano, na fomu zikishakusanywa asante yako haina kisanduku cha kuingia. Haiongezi alama, na ikitua kwenye simu ya binafsi ya mwanajopo inaweza kusomwa kama jaribio la kumfikia. Kazi za ualimu chini ya TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, na nafasi za vyuo vikuu vya umma zichukulie hivyo hivyo.

Kasi ya kimya ni ya papo hapo: asante yako uitoe kwa mdomo, ukisimama, kabla hujafungua mlango. "Nawashukuru nyote kwa muda wenu" inatosha, ukimtazama kila mmoja, na karani anayeandika pia. Panapoharibika ni pale mtu anapokaa kimya hata alipoombwa hati. Hati iliyoombwa ipeleke kwa anwani rasmi ya katibu wa bodi, ikiwa na nambari ya tangazo na sentensi moja ya shukrani.

Kulingana na hali yako

Ulihojiwa kwa video na shirika la Kisumu, wanajopo wengine wakiwa Nairobi: baruapepe moja kwa aliyetuma kiungo cha mkutano, siku hiyo hiyo.

Shamba la maua Naivasha lilikuita kwa SMS kutoka nambari ya kawaida: rudisha SMS kabla ya jioni, na saa uliyohojiwa iwemo.

Shule ya binafsi Kakamega ilikujaribu kwa kukupa kipindi kimoja ufundishe: WhatsApp kwa aliyekualika, ukitaja darasa na mada uliyofundisha. Shule ikiwa ya misheni na unaishi karibu, barua yenye mhuri itakuwa bora.

Ajira ni ya bodi ya usimamizi ya shule ya umma (BOM), itakayokulipa yenyewe: jopo lina wazazi wa kijiji unaowajua. Shukuru chumbani, kisha waepuke wanajopo sokoni na kanisani hadi matokeo yatoke, ili wao pia wasiingizwe kwenye maneno.

Hoteli Nakuru, uamuzi leo usiku: WhatsApp au SMS, na mapema. Baruapepe ya kesho itawakuta wameshamwita mtu.

Ulikosea jibu moja la kitaalamu na linakusumbua: baruapepe, hata kama uliitwa kwa simu, mradi ofisi ina anwani na kazi si ya serikali.

Waliahidi jibu baada ya wiki mbili na zimepita: hiyo si asante tena. Ngoja hadi siku ya kumi na moja ya kazi, kisha uulize mara moja, kwenye uzi ule ule uliotumia kushukuru.

Uliitwa kwa simu, lakini ukaombwa kutuma cheti cha maadili mema kwa baruapepe: cheti na shukrani viende pamoja kwa baruapepe, kichwa kikiwa na jina lako na kazi uliyoomba. Kisha SMS ya mstari mmoja kwa aliyekupigia, "Cheti nimekituma saa nane, asante kwa mahojiano," ili ajue pa kukitafuta kikiangukia kwenye folda ya spamu.